Kwa nini sigara inamkalisha kaka yangu macho na kunivuruga mimi?

"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi na kaka yangu tunavua dagaa, mwalo wetu uko Igombe, Mwanza. Kaka anavuta sigara na kuweka ugoro tangu ujana wake, na anasema bila hivyo hawezi kukesha akiangalia taa. Kweli akishavuta anakuwa makini kuliko sisi wote mtumbwini. Mimi nilianza miaka miwili iliyopita kwa kumwiga. Mwanzoni nilitapika na mikono ikatetemeka, na hadi leo nikivuta mbili mfululizo mawazo yanatawanyika, nahesabu ndoo za dagaa na kukosea. Lakini sasa nisipovuta asubuhi siwezi hata kumsikiliza mtu. Jamaa mmoja aliyesoma ameniambia ni mambo ya vinasaba, kwamba wako watu ambao ubongo wao unaihitaji nikotini na wengine hauiwezi, na kwamba kipo kipimo cha mate kinachoonyesha. Mwanangu wa kidato cha nne amesikia hayo, naye sasa anasema sigara itamsaidia kusoma kwa kuwa huenda amerithi kwa baba yake mkubwa. Je, ni kweli? Nikapime? Niache au nipunguze?"

Ndugu yangu, huyo jamaa aliyesoma amekuchanganyia jambo la kweli na lisilo la kweli, na kabla ya kukujibu lolote sina budi kuyatenganisha. Ni kweli kwamba watu hutofautiana kwa kuzaliwa katika namna miili yao inavyoipokea nikotini, na kwamba tofauti hizo hugusa hata umakini. Si kweli kwamba wako watu waliozaliwa na ubongo unaoihitaji, wala hakuna kipimo cha mate kitakachokuambia kama wewe ni wa kuvuta au si wa kuvuta. Wasiwasi wako, nikiusoma vizuri, uko chini ya hayo yote: unataka kujua kama anachokipata kaka yako ni faida halisi ambayo wewe umenyimwa. Kwa ufupi, sehemu kubwa ya umakini unaouona kwake ni ule ambao tumbaku yenyewe ilimpokonya saa chache kabla, kisha ikamrudishia. Vinasaba vinaweza kuwa na mkono katika namna anavyopokonywa na anavyorudishiwa, lakini havigeuzi biashara hiyo kuwa ya faida.

Tuanze na kemikali yenyewe. Seli za neva ubongoni hupelekeana habari kwa kemikali mbalimbali, na mojawapo ni asetilikolini, ambayo hufanya kazi kubwa pale mtu anapotakiwa kukaa macho na kushika jambo moja. Asetilikolini hujishikiza kwenye vipokezi vilivyo juu ya seli na kuziamsha. Nikotini, ambayo mmea wa tumbaku huitengeneza ili kujikinga na wadudu, ina umbo linaloiwezesha kujishikiza kwenye baadhi ya vipokezi hivyo hivyo. Moshi ukivutwa, nikotini hupita kwenye mapafu na kufika ubongoni katika sekunde 10 hadi 20. Ugoro huchelewa zaidi, lakini magadi yanayochanganywa humo huifanya nikotini ipenye kwa urahisi kwenye ngozi laini ya mdomo au ya pua, na kwa kuwa mtu huuweka kwa muda mrefu, damu yake huendelea kupokea nikotini hata pale asipokuwa na sigara mkononi. Kwa hiyo usimhesabie kaka yako sigara peke yake. Kipimo chake cha usiku mmoja ni kikubwa kuliko unavyokiona.

Je, nikotini inaongeza umakini? Kwa kiasi fulani ndiyo, na sipendi tabia ya baadhi yetu watu wa afya ya kulificha hilo kwa kuogopa kwamba ukweli utawahamasisha watu kuvuta, kwa sababu mvutaji anayejua kwamba tumemficha jambo moja hataamini mengine tisa tutakayomwambia. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walizikusanya tafiti 41 za maabara zilizolinganisha nikotini na dawa bandia isiyo na nikotini ndani, kwa watu wasiovuta na kwa wavutaji ambao hawakuwa wamenyimwa sigara, wakakuta kwamba nikotini huharakisha kuitikia ishara, humsaidia mtu kukaa macho kwenye kazi ya kuchosha, na humwelekeza upesi mahali jambo linapotokea. Lakini faida hiyo ni ndogo. Tunazungumzia sehemu za sekunde mbele ya skrini ya kompyuta, wala si busara ya kutambua kama wingu linalopanda upande wa Ukerewe ni la kuvumilia au la kurudi pwani.

Tena faida yenyewe haiendi kwa kila mtu. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba anayeanza akiwa na umakini hafifu, kwa uchovu, kwa ugonjwa au kwa maumbile, ndiye anayeelekea kusaidika, na anayeanza akiwa na umakini mzuri mara nyingi huharibikiwa. Ninyi mliotumia karabai kabla taa za sola hazijaenea mtalielewa hili upesi: isipopampiwa ya kutosha huwaka kwa kufifia, na ikipampiwa kupita kiasi hunguruma na kurusha mwali bila kuongeza nuru ya maana. Ubongo nao una kiwango chake cha kuamshwa, na kila mtu huanza akiwa mahali pake. Kuvuta mbili mfululizo na kukosea hesabu ya ndoo si udhaifu wa akili. Yaelekea umepita kiwango chako. Kutapika na kutetemeka kwa mwanzoni ni dalili za sumu ya nikotini, zile zile zinazowapata wachumaji wa tumbaku kule Urambo na Tabora wanaposhika majani mabichi yenye unyevu na nikotini ikapenya kwenye ngozi, hata kama hawajawahi kuvuta maishani.

Sasa vinasaba. Mahali pa kwanza pa kuvitazama, na kwa maoni yangu ndipo penye ushahidi mzito kuliko pote, si ubongoni bali kwenye ini. Ini lina kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini, kiitwacho CYP2A6, na hicho ndicho kinachoshughulikia sehemu kubwa ya nikotini mwilini, takriban asilimia 70 hadi 80, kwa kuigeuza kuwa kotinini, kemikali isiyo na nguvu ile. Kwa mtu wa kawaida, nusu ya nikotini iliyomo kwenye damu huondoka kila baada ya saa 2 hivi. Jeni, yaani kinasaba, inayotoa maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya hiki ina sura nyingi: wako waliorithi sura inayofanya kazi kwa kasi, wako waliorithi inayofanya kazi polepole, na wako wachache ambao yao karibu haifanyi kazi kabisa. Mwenye ini la kasi huimaliza nikotini mapema, kwa hiyo umakini wake huanza kulegea mapema na mkono wake hurudi kwenye pakiti mapema. Mwenye ini la polepole hukaa nayo muda mrefu. Sigara ya pili humkuta ya kwanza ikiwa bado inamsumbua, kichefuchefu humpata upesi, na kwa wastani huvuta chache na huacha kwa urahisi zaidi kuliko mwenzake. Barua yako inaweza kuelezeka kwa njia hiyo, wewe ukiwa wa polepole na kaka yako wa kasi. Inaweza pia kuelezeka kwa jambo la kawaida zaidi, kwamba mwili wake umezoea kwa miaka mingi na wako una miaka miwili tu. Kuwa wa baba mmoja na mama mmoja hakuzuii lolote kati ya hayo, kwa sababu ndugu wa tumbo moja hushirikiana kwa wastani nusu tu ya zile sura za jeni zinazowatofautisha watu.

Watu wa kanda hii hawapaswi kuliona jambo hili kuwa geni. Wengi wanakumbuka jinsi efavirenzi, dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI iliyotumika kwa miaka mingi, ilivyowaletea baadhi ya wagonjwa kizunguzungu na ndoto za ajabu huku wengine wakiimeza bila shida yoyote. Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na kimeng'enya kingine cha ini, CYP2B6, ambacho sura yake ya polepole ni ya kawaida miongoni mwa Waafrika. Kwa CYP2A6 nako kuna sura za polepole, kama ile iliyopewa namba 17, ambazo zimeonekana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika. Hata hivyo ini haliongozwi na urithi peke yake. Wanawake kwa kawaida huishughulikia nikotini kwa kasi kuliko wanaume, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huongeza kasi hiyo, na ujauzito huiongeza zaidi.

Mahali pa pili ni vipokezi vyenyewe. Kila kipokezi kimeundwa kwa vipande 5 vya protini, na kila kipande kina jeni yake. Mwaka 2008 makundi 3 ya watafiti yalitangaza, karibu kwa wakati mmoja, kwamba eneo fulani kwenye kromosomu ya 15 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli), lenye jeni iitwayo CHRNA5, linahusiana na wingi wa sigara anazovuta mtu na hatari yake ya saratani ya mapafu. Kipande kinachotokana na jeni hii hufanya kazi katika sehemu ndogo iliyo ndani sana ya ubongo ambayo huuambia mwili kwamba nikotini imetosha. Panya walioondolewa jeni hiyo waliendelea kujipa nikotini kwa vipimo ambavyo panya wengine walivikwepa. Kwa binadamu, sura yenye hatari ya jeni hii humwongezea mvutaji takriban sigara 1 kwa siku kwa kila nakala aliyoirithi, na utaona mwenyewe kwamba sigara moja haitoshi kueleza kwa nini mtu mmoja anamaliza pakiti na mwenzake hamalizi. Jambo jingine linalosahaulika: sura hiyo hupatikana katika zaidi ya theluthi ya kromosomu za watu wa asili ya Ulaya, lakini ni adimu barani Afrika. Kipimo kilichotengenezwa kwa kuitazama hiyo kingemwambia karibu kila mvuvi wa Igombe kwamba yuko salama, na kingekuwa kimemdanganya.

Kuna na mahali pa tatu, ambapo nitapita haraka kwa kuwa ushahidi wake unayumba. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotusaidia kushika mambo kadhaa kichwani kwa wakati mmoja, hutegemea kiwango cha dopamini, kemikali nyingine ya kupelekeana habari ubongoni, na kimeng'enya kiitwacho COMT ndicho kinachoiondoa hapo. Wako waliorithi COMT ya kasi na wako waliorithi ya taratibu. Baadhi ya tafiti zilionyesha kwamba wavutaji wenye ile ya kasi ndio wanaochanganyikiwa zaidi wanapokosa sigara. Zipo pia tafiti kuhusu CHRNA4, jeni ya kipande kingine cha kipokezi, zilizoihusisha na umakini hata kwa wasiovuta. Nyingi kati ya tafiti hizi zilikuwa na watu wachache na matokeo hayakurudi vile vile kila mara, kwa hiyo nisingepanga maisha ya mtu kwa kuzitegemea. Uchunguzi wa mapacha, ambao ni mpana zaidi, umeonyesha kwamba takriban nusu ya tofauti kati ya watu katika uraibu wa nikotini inahusiana na urithi. Hiyo ni hesabu ya jamii nzima. Haina maana kwamba nusu ya uraibu wa kaka yako imeandikwa kwenye damu yake.

Nimechelewa kidogo kufika kwenye arosto, yaani ile hali mbaya inayompata mraibu anapokosa alichokizoea, lakini hapo ndipo lilipo jibu la swali lako kubwa. Mwaka 2006 watafiti wa Los Angeles waliwapiga wavutaji picha za ubongo na kuona kwamba kuvuta moshi mara 1 au 2 tu hutosha kushika takriban nusu ya vipokezi muhimu vya nikotini, na sigara nzima hushika zaidi ya asilimia 88, kwa muda wa saa 3 hivi. Kipokezi kilichoshikwa muda wote huo hulala, hakiitikii tena kama kawaida. Ubongo, ukiona vipokezi vyake vimelala, huongeza vingine, na ndiyo maana mvutaji wa siku nyingi ana vipokezi vingi kuliko asiyevuta. Usiku wa usingizi au saa chache bila tumbaku vikiamka vyote kwa pamoja na kukosa nikotini, mtu hukasirika haraka, hushindwa kutulia, na umakini wake hushuka chini ya pale ulipokuwa kabla hajaanza kuvuta. Anapovuta tena, umakini hurudi, naye kwa haki kabisa huapa kwamba sigara imemsaidia. Hiyo ndiyo hali yako ya asubuhi unaposhindwa kumsikiliza mtu. Miaka mitatu iliyopita ulikuwa unaamka na kusikiliza watu bila kitu chochote.

Kwa hiyo ukitaka kumpima kaka yako kwa haki, usimlinganishe akiwa amevuta na yeye huyo huyo akiwa na arosto. Mlinganishe na mvuvi wa umri wake asiyevuta, aliyelala vizuri mchana. Nasema aliyelala vizuri kwa makusudi. Anayekesha ziwani, kisha akarudi mwaloni kuanika dagaa, kubishana na wanunuzi na kushona wavu, akalala kwa muda wa saa 3 tu kwenye kibanda cha bati kuanzia saa sita mchana, atakuwa na umakini mbovu usiku unaofuata awe na vinasaba vya namna gani. Nikotini huuficha usingizi kwa muda mfupi, tena yenyewe huharibu usingizi wa mchana ikitumiwa karibu na kulala. Nikiulizwa ni jambo gani moja lingeongeza umakini katika mtumbwi wenu, ningesema ni kupangiana zamu ya kulala kabla ya kusema neno lolote kuhusu jeni.

Kuhusu kipimo, usikitafute. Vipimo vya mate vinavyouzwa kwa njia ya mtandao vipo, lakini hakuna hata kimoja kinachoweza kumwambia mtu kwamba nikotini itamfaa, na hela yake ingekufaa zaidi ukiinunulia dawa ya kuachia. Utafiti unaokaribia kuwa na matumizi ulitolewa mwaka 2015 nchini Marekani na Kanada, kwa wavutaji 1,246 waliopimwa kasi ya ini kwa kutazama mabaki ya nikotini kwenye damu, si kwa kusoma jeni. Wenye kasi ya kawaida walifanikiwa kuacha zaidi kwa vidonge vya vareniklini kuliko kwa vibandiko vya nikotini, ilhali kwa wa polepole dawa hizo mbili zilikaribiana na vidonge vilileta maudhi zaidi. Ni habari njema, lakini kwa sasa swali moja lisilo na gharama hukaribia kunieleza mengi kama hayo: ukiamka, sigara ya kwanza unaivuta baada ya muda gani? Anayevuta ndani ya dakika 5 ana uraibu mzito. Anayeweza kuoga, kunywa chai na kwenda sokoni Kirumba kwanza ana uraibu mwepesi zaidi.

Ushauri wangu kwako ni kuacha, si kupunguza. Kupunguza kuna ladha ya busara, lakini mvutaji anayepunguza idadi huvuta kila moja kwa nguvu na kwa kina zaidi bila kujijua, akapata karibu nikotini ile ile na moshi ule ule. Na moyo haujali sana hesabu yetu: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayevuta sigara 1 kwa siku hubeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mvutaji wa sigara 20. Mwili wako ulikukataza tangu mwanzo, una miaka miwili tu ya mazoea, na kwa namna ulivyojieleza nadhani utaweza. Kaka yako ana kazi ngumu zaidi, na yeye nisingemwambia aache ghafla bila msaada.

Ninyi wavuvi wa dagaa mna nafasi ambayo mfanyakazi wa ofisini hana. Arosto huanza ndani ya siku ya kwanza, hukaza katika wiki ya kwanza, na kwa wengi hupungua sana ifikapo wiki ya tatu au ya nne. Vipokezi vya ziada huchukua muda mrefu kidogo, takriban wiki 6 hadi 12, kurudi katika hali ya asiyevuta. Sasa, mbalamwezi inapokuwa kubwa taa haziwavuti dagaa, na mitumbwi mingi hupumzika. Panga siku ya kuacha iwe siku ya kwanza ya mapumziko hayo, ili zile siku mbaya kuliko zote zikukute nchi kavu. Sisemi hivi kwa kukutisha bure. Nchini Uingereza watafiti walitazama takwimu za miaka 10 na kuona kwamba ajali zisizo za kifo makazini ziliongezeka katika ile siku ya kila mwaka ambayo wavutaji huhimizwa kutovuta. Mtu aliye katika siku ya pili ya arosto hafai kushika usukani wa injini usiku, akiwa na kamba miguuni. (Na kwa kuwa tumeutaja mtumbwi: sigara iliyowashwa karibu na dumu la petroli ni jambo ambalo halihitaji mtaalamu wa vinasaba.)

Siku hizo punguza kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu hadi nusu. Moshi wa sigara, si nikotini, hulifanya ini liiondoe kafeini kwa haraka, na mtu akiacha kuvuta huku akiendelea kunywa vikombe vile vile, kafeini hubaki mwilini kwa wingi, moyo ukamwenda mbio na usingizi ukapotea, naye akadhani ni arosto. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu anayetumia klozapini au olanzapini kwa ugonjwa wa akili asiache kuvuta bila kumjulisha daktari wake, maana dozi inaweza kuhitaji kupunguzwa.

Kwa kaka yako, na kwako pia ukishindwa kwa nguvu zako mwenyewe, dawa zipo. Vibandiko na bigijii zenye nikotini humpa mtu kiasi kidogo bila moshi wakati ubongo unajirekebisha. Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza vareniklini na bupropioni. Hazipo katika kila duka la dawa, kwa hiyo mwombe mtoa huduma akuandikie na akuelekeze pa kuzipata kabla hujapanga siku yenyewe. Bupropioni haimfai mwenye kifafa au aliyewahi kupata degedege la ukubwani, na anayekunywa pombe nyingi aseme ukweli kabla ya kuandikiwa. Kaka yako asibadilishe sigara kwa kuongeza ugoro. Ataondoa moshi, lakini uraibu utabaki pale pale, na hatari ya saratani ya kinywa itapanda.

Mwanao nimemwachia nafasi yake. Mwambie kwanza kwamba mtu harithi kwa baba mkubwa. Wanachoweza ni kushirikiana sehemu, takriban robo, kupitia kwa babu na bibi. Kisha mweleze kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ile ile anayoitumia kusoma, huendelea kukomaa hadi miaka ya 20 na kitu, na nikotini inayoingia kabla ya hapo huukuta ubongo ukiwa bado unajengwa na huleta uraibu kwa urahisi zaidi. Kinachomngoja hakina uhusiano na alama nzuri: wiki chache za kuona ameamka kidogo, kisha chumba cha mtihani wa saa 3 ambamo hawezi kuvuta, arosto ikiwa imeanza. Hata sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia bidhaa za tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18, ingawa sote tunajua jinsi vibanda vinavyouza moja moja bila kuuliza umri. Lakini msikilize pia. Mtoto anayetafuta kitu cha kumsaidia kutulia huenda ana tatizo halisi. Ikiwa tangu darasa la kwanza amekuwa akishindwa kukaa kitini, akipoteza vitu na kuacha kazi nusu, huenda ana shida ya umakini inayotambulika kitabibu na yenye matibabu yake. Na watu wenye shida hiyo ndio wanaonaswa na sigara kwa wingi. Ikiwa kutokuwa makini kumeanza mwaka huu, apimwe wingi wa damu na kichocho, ambacho watoto wa pwani ya ziwa hukipata sana, na aulizwe analala saa ngapi.

Mwende kumwona mtaalamu ana kwa ana, bila kungoja mbalamwezi, ikiwa mmoja wenu anapata maumivu ya kifua, anakohoa damu, au ana kidonda au doa jeupe mdomoni lisilopona kwa wiki 3. Kaka yako atazame hasa pale anapouwekea ugoro. Vivyo hivyo ikiwa baada ya kuacha huzuni inazidi badala ya kupungua, au mtu anazungumzia kujidhuru, hapo ni siku hiyo hiyo. Anzeni na kituo cha afya kilicho karibu, nao watawapa rufaa kwenda hospitali ya Sekou Toure au kitengo cha magonjwa ya akili pale hospitali ya Bugando ikibidi. Nendeni wawili, wewe na kaka yako, na mbebe vidonge vyote mnavyotumia kwenye mfuko mmoja, hata vile vya dukani, ili anayewahudumia avione kwa macho yake kabla ya kuandika kingine.